Kamera kwenye matembezi ya Ashura: tuziache au tuzizuie?

Mtumishi_wa_Karbala: Assalaam alaykum wakuu. Nipo kwenye kamati ya matembezi ya Ashura hapa Dar, yale ya sisi Mashia kuomboleza kuuawa kwa Imam Hussein vitani Karbala. Vijana wanataka droni na taa nyekundu, vile wanavyoona kwenye video za latmiya (nyimbo za maombolezo) za Iraki na Iran. Mwaka jana nilikuwa karibu na safu ya mbele. Mpiga picha akiwaelekezea kamera, matamu, yaani kujipiga kifua, inapigwa kwa kishindo. Akigeukia kwingine, mikono inalegea. Kuna kijana alishika tabuti, lile jeneza la mfano, kwa mkono mmoja, simu mkono wa pili. Wazee wanasema tupige marufuku kabisa. Mnashauri nini?

Mwana_Tanga: Picha hazikuja na simu, mkuu. Iran ya zamani msimulizi alitundika turubai kubwa lililochorwa vita vya Karbala, akawa anasimulia huku akionyesha kwa fimbo, na watu wanalia. Ila pale picha ilimfuata msimulizi. Kwenu nani anamfuata nani?

BintFatma: Jamani, msifike huko kwenye marufuku! Sisi kina mama tunakaa nyuma ya pazia, zakiri anayesimulia msiba tunamwona kwenye skrini. Na bibi yangu magoti yameshakataa, majlisi (vikao vya maombolezo) anazifuata kwenye simu. Hiyo droni ndiyo siielewi, inanguruma juu ya watu wanaolia.

Msafiri80: Mimi picha ndizo zilizonipeleka Arubaini, matembezi ya kwenda Karbala, Iraki, siku arobaini baada ya Ashura. Enzi za Saddam matembezi yale yalibanwa, baada ya 2003 televisheni zikaanza kuyaonyesha, nasi huku tukapata hamu. Njia ya Najaf hadi Karbala ni kama kilomita 80, nguzo zina namba, na karibu kila nguzo kuna anayejipiga selfi. Lakini usiku miguu ikishavimba, simu zinarudi mifukoni zenyewe.

Abu_Turab: Mwaka 1994 Ayatullah Khamenei, kiongozi mkuu wa Iran wakati huo, alikataza kujikata kwa panga kwenye maombolezo, na hoja mojawapo ilikuwa sura ya madhehebu yetu mbele ya watu. Picha moja ya damu inazunguka dunia. Mpiga picha wenu mpelekeni kwenye foleni ya kuchangia damu, huko hakuna anayeigiza.

Mtumishi_wa_Karbala: Ahsanteni sana. Nitapendekeza kamera moja ya kamati, ikae pembeni, isitangulie tabuti. Droni hapana. Shida ni kwamba aliyejitolea kuilipia ni mwenyekiti wetu.

BintFatma: Hapo sasa uanzishe uzi mwingine 😂