Natafuta kikundi cha kuacha pombe hapa Lubumbashi ambacho hakitanisimamisha mbele ya watu

Mwalimu wa Katuba anauliza:

Ndugu zangu, salamu. Nina miaka 43, nafundisha shule ya msingi, na kwa miaka tisa sasa lutuku, pombe kali ya kienyeji, ndiyo inayonitawala. Mwanzoni nilikunywa jioni tu. Siku hizi natia kidogo katika chupa ya maji ya plastiki na kunywa kabla ya kengele ya kwanza, kwa sababu bila hiyo mkono unatetemeka hadi chaki inakatika ubaoni, na watoto wa dawati la mbele wanatazamana. Mke wangu amechoka, nami nimechoka kuliko yeye.

Mwezi wa tatu nilijiunga na kikundi kimoja cha maombi kinachosaidia walevi. Walinipokea vizuri, lakini Jumapili ya pili niliitwa mbele ya mkutano mzima nikaambiwa nitaje dhambi zangu, na kati ya walioketi pale walikuwemo wazazi watatu wa wanafunzi wangu. Usiku ule nilikunywa kuliko siku zote, na sikurudi tena. Mimi ni mtu wa sala, siikimbii imani. Ninatafuta mahali ambapo nitasema ukweli kati ya watu wenye ugonjwa kama wangu, na maneno yangu yabaki palepale. Je, mtu anautambuaje mkutano wa namna hiyo kabla ya kuingia?

Yaya wa Kampemba anajibu:

Mdogo wangu, pole sana. Mimi sijagusa pombe tangu 2018, na aibu unayoieleza naijua.

Kabla hujaingia popote, mwulize anayekualika maswali haya: je, mkutano ni wa wazi au ni wa wenye tatizo peke yao? Je, naruhusiwa kukaa kimya mara ya kwanza? Je, kuna malipo? Katika Alcoholics Anonymous, ushirika wa walevi wanaosaidiana kuacha pombe, wale ambao kwa Kifaransa tunawaita Alcooliques Anonymes, mkutano wa wazi unamruhusu yeyote kusikiliza, na ule uliofungwa ni wa wanaotaka kuacha kunywa tu. Ada ya uanachama haipo, kila mtu anajitambulisha kwa jina la kwanza, na sharti la kujiunga ni moja: hamu ya kuacha pombe. Wanataja Mungu, ndiyo, lakini kila mmoja kwa jinsi anavyomwelewa. Palipo na kiongozi anayekulazimisha kuungama, ondoka bila kujilaumu.

Mimi nilianza kwa simu, kwenye mikutano ya Kifaransa ya mtandaoni, kamera ikiwa imefungwa. Angalia saa: mkutano wa saa mbili usiku wa Paris kwetu ni saa tatu usiku wakati wa baridi yao, ila kuanzia mwisho wa mwezi wa tatu hadi mwisho wa mwezi wa kumi saa zetu zinalingana. Nunua mega za intaneti mapema na uchaji simu mchana, maana umeme hukatika katikati ya maneno unayoyahitaji kabisa.

Na usidhani ni lazima upate ukumbi uliojaa watu. Mapokeo yao yanasema walevi wawili au watatu wakikutana kwa ajili ya kuacha pombe, bila kufungamana na chama kingine, wanaweza kujiita kikundi. Wao wenyewe walianza mwaka 1935 kule Akron, Marekani, kwa mazungumzo ya walevi wawili, mmoja wao daktari wa upasuaji. Mimi na wewe tayari ni wawili.

Muuguzi wa Ruashi anajibu:

Mwalimu, naomba unisikilize kabla ya kupanga mkutano wowote. Mkono unaotetemeka asubuhi na kutulia baada ya kunywa unaonyesha kwamba mwili wako umeizoea pombe, na mwili wa namna hiyo ukinyimwa ghafla unaweza kupata degedege ndani ya siku mbili za kwanza, kisha homa, kuchanganyikiwa na kuona vitu visivyokuwepo kuanzia siku ya pili au ya tatu. Watu hufa kwa hali hiyo nyumbani, jamaa wakidhani ni mapepo. Usiache pombe kwa ghafla ukiwa peke yako. Nenda kwa daktari, kwa mfano katika kituo cha Joseph Guislain kinachotibu magonjwa ya akili hapa mjini, umweleze kiasi halisi unachokunywa bila kukipunguza. Atapanga dawa za kukuvusha na vitamini B1. Kikundi kitakusaidia usirudie, lakini siku zile za kwanza ni za daktari.

Mama wa Bel-Air anajibu:

Kaka, usimsahau mke wako. Mume wangu alipokuwa anakunywa, nilikuwa nanusa vikombe usiku kama askari, nikaugua mimi pia. Kwa ajili ya jamaa za walevi kuna Al-Anon, iliyoanzishwa mwaka 1951, nayo ina mikutano ya Kifaransa mtandaoni.

Mwalimu wa Katuba:

Asanteni, yaya, mama na ndugu muuguzi. Nimemsomea mke wangu majibu yote, tukiwa tumeketi jikoni, naye ameomba kunisindikiza kwa daktari Jumatatu. Bado sijaacha, nitangoja maelekezo yake. Yaya, nimekuandikia kwa faragha: Alhamisi saa kumi jioni nafasi ninayo, popote pasipo nganda, yaani baa, karibu.