Mawakala wa boti Nungwi, mnatupeleka Mnemba bahari imechafuka kisa hela imeshalipwa. Mtaua watu!

Wakuu habari za humu. Nimekaa na hili jambo siku nne najiambia nitulie kwanza ndo niandike, hasira hazijaisha. Binti yangu wa miaka 6 mpaka jana usiku kaamka analia anasema maji yanaingia. Kwaiyo naandika hivi hivi, mtanisamehe urefu.

Tulienda Unguja mwezi wa saba, mimi na mke wangu, watoto wawili, mdogo wangu na mkewe. Najua kabisa ni msimu wa kusi, ule upepo mkali wa kutoka kusini, ndo maana kabla sijalipa nilimuuliza wakala WhatsApp, "kaka bahari ikoje kipindi hiki?" Akajibu shwari kabisa, wageni wanaenda kila siku. Safari ilikuwa siku mbili kuzunguka visiwa vya kaskazini, ya kwanza Tumbatu, ya pili Mnemba, laki sita na nusu, nikatuma yote siku ileile.

Tumbatu sina neno. Upande ule wa magharibi kisiwa chenyewe cha Unguja kinakukinga na upepo, maji yametulia, tukashuka Jongowe, tukaona magofu ya msikiti wa kale, watu wametupokea vizuri sana.

Usiku huo ndo nikakutana na taarifa ya TMA, Mamlaka ya Hali ya Hewa, angalizo la upepo mkali unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayofikia mita 2, pwani yote pamoja na Unguja na Pemba. Nikapiga skrinshoti nikamtumia wakala. Jibu lake ninalo mpaka leo: hizo wanatoa kila mara, sisi ndo tunaijua bahari, na mkiahirisha hela hairudi.

Asubuhi nikamkuta nahodha kakaa mchangani anaangalia upande wa ras, ile ncha ya kaskazini ya kisiwa, mtu mzima, ana mvi. Nikamsalimia nikamuuliza mzee wangu leo panaendeka kweli? Akasema "Bahari chafu leo mwanangu. Lakini bosi keshasema tutoke." Hapo ndo nilitakiwa nichukue watoto nirudi chumbani na sikufanya hivyo, nilifikiria laki sita na nusu.

Kwa wasiopajua, ufukwe wa Nungwi ule wa kuelekea Kendwa unakudanganya. Pale maji kimya, unaona kila kitu kiko sawa. Ukishazunguka ras ukageukia mashariki hamna kinachokukinga tena, ni bahari kuu tupu na kusi inakupiga moja kwa moja. Na sisi tumetoka maji yanakupwa, yale maji yanayotoka yakikutana na upepo yanafanya mawimbi mafupi yaliyosimama, boti ndogo inakuwa haijamaliza kushuka la kwanza la pili limeshafika. Kila tukiinuliwa nahodha anapunguza moto tusirushwe, tukishuka anaongeza, mkono wake haujatoka kwenye injini saa nzima na zaidi. Injini yenyewe moja, ya akiba hamna, redio hamna, simu yake kaifunga kwenye mfuko wa nailoni.

Laifu jaketi. Tuko abiria sita, zilikuwepo nne, zote za watu wazima. Tukawavalisha wanawake na watoto. Ya binti yangu kifungo cha mbele kimekatika, ukimnyanyua anachomoka chini kama anatoka kwenye gunia, mke wangu akavua kanga yake akapitisha katikati ya miguu ya mtoto akamfunga nayo kifuani mafundo mawili. Sponji ya ndani imeoza inamong'onyoka mkononi, nimepiga picha. Yule kijana msaidizi anatoa maji kwa dumu lililokatwa, dumu la petroli limelegea linagonga miguu yetu, mtoto anatapika, shemeji yangu anasoma dua kwa sauti. Kuna wimbi moja liliingia lote mbavuni nikaona nahodha kafumba macho. NAHODHA.

Tukafika Mnemba tukiwa hatuna hata hamu ya kuangalia samaki. Wakala alituahidi tutapumzika na kula kisiwani, kumbe kile kisiwa ni cha hoteli binafsi, mtu wa matembezi haruhusiwi kushuka! Kwaiyo hata ukizidiwa unabaki humohumo botini.

Yule mzee ndo katuokoa. Kasema kurudi kwa ras sirudi, akatuvusha kipande kifupi mpaka ufukwe wa Muyuni, akatushusha na kutubebea watoto mmoja mmoja. Tukakodi gari kwa hela yetu kurudi Nungwi. Jioni nampigia kumshukuru ananiambia siku yake haijalipwa, eti kaacha boti Muyuni na hajamaliza safari.

Yani hapo ndo nikaelewa shida iko wapi. Nahodha asipotoka hapati kitu, akitoka akarudi nusu hapati kitu, na anayeamua boti itoke yuko ofisini kwenye feni na hela ya mgeni imeshaingia kwenye simu yake. Sasa nani atasema leo hapana? Spice Islander imezama hapohapo mkondo wa Nungwi Septemba 2011, Skagit imezama karibu na Chumbe tarehe 18 Julai 2012, kusi hiihii, na zile zilikuwa meli, sisi tulikuwa kwenye kifaiba cha mita saba hivi. Tumezika watu wangapi ili mtu aheshimu angalizo?

Nimeomba hela ya siku ya pili irudishwe, kajibu "mlifika Mnemba, huduma imetolewa", kisha kaniblock.

Nahodha nimemtumia ya kwake mwenyewe. Ya kwangu naitaka kwa wakala, na ile boti nataka ikaguliwe kabla haijabeba mtoto mwingine. Mwenye kujua malalamiko kama haya yanapokelewa wapi kule Mamlaka ya Usafiri Baharini Zanzibar, na kama lazima niende mwenyewe au naweza kutuma nikiwa Dar, anielekeze. Meseji zote ninazo, muamala ninao, picha za zile jaketi ninazo.