Sindano ya mgongo: ile dawa ya kuongezea ni ipi, na niiombe?

Mama Salma, Mbagala
Habari zenu wapendwa. Nina mimba ya wiki 36 na daktari ameshasema safari hii tena ni kisu. Cha 2021 sijakisahau. Nilichomwa sindano ya mgongo, miguu ikafa, mtoto akatoka salama. Walipokuwa wanasafisha ndani nikahisi mtu ananivuta utumbo hadi chini ya mbavu, nikatapika palepale. Sijamaliza saa mbili wodini ganzi ikaisha yote, usiku kucha nang'ata pindo la kitenge. Mdogo wangu kajifungua mwaka jana kwingine, akanyonyesha usiku uleule, tabu yake kuwashwa pua tu. Anasema waliongeza dawa kwenye sindano ileile. Ni dawa gani? Mtoto hadhuriki? Nikiiomba nitaonekana mjuaji?

Muuguzi wa usingizi
Pole sana mama. Ganzi yenyewe ni bupivakeini nzito, ina glukosi ndani ili izame, mililita 2 hivi. Kisu huna habari nacho, lakini mivuto ya ndani hupenya. Ndiyo maana tunaongeza fentanili, mikrogramu 10 hadi 25. Inashika upesi, inatuliza ile mivuto na kichefuchefu, ila baada ya saa chache imekwisha. Mdogo wako nadhani alipata morfini. Mikrogramu 100 hadi 150 tu, na inaweza kukutuliza maumivu hata saa 24. Kuwashwa pua na uso ni kawaida yake. Kipimo ni kidogo mno, nyonyesha bila hofu.

Lakini siyo kila ampuli ya morfini inaingia mgongoni. Lazima iwe isiyo na vihifadhi, yaani kemikali za kuzuia dawa isiharibike. Tena mara chache hupunguza pumzi saa nyingi baadaye, mama ameshalala, kwa hiyo lazima awepo mtu wa kuja kuzihesabu usiku. Wodi yenye muuguzi mmoja na wazazi 30, mimi siiweki, na inaniuma kila ninapoiacha. Hapo natia fentanili, kisha naandika dawa za maumivu kwa saa, siyo "akilalamika apewe".

Mama Junior, Tabata
Mimi nilipewa hiyo morfini. Niliwashwa hadi asubuhi, na bado ningeichagua tena. Dada, wakikupitishia pamba ya spiriti tumboni kabla ya kuanza, kupima kama ganzi imeshika, sema kweli. Ukisikia ubaridi, sema unausikia. Usijikaze ili uonekane jasiri.

Mama Salma, Mbagala
Asanteni sana. Dada muuguzi, Mungu akuzidishie. Kliniki ni Alhamisi. Nimeandika nyuma ya kadi: "2021: mivuto, kutapika, ganzi iliisha mapema. Usiku nani anahesabu pumzi?" Baba Salma anaomba ruhusa kazini, nikishikwa na aibu ataisoma yeye.