Kila nikiweka Last Nite ya The Strokes lazima atokee mjuaji wa "hiyo kopi ya Tom Petty". Mnaboa aisee!

Wakuu habari za muda huu. Nasema mapema kabisa huu ni uzi wa povu, asiyependa povu ruksa kupita.

Iko hivi. Tuna grupu letu la wasap la wapenda rock, tupo wachache humu mjini na tunajuana, maana ukisikiliza hii miziki hapa Dar watu wanahisi umerogwa au unajifanya mzungu, kwa hiyo unategemea angalau humo ndani mtaelewana. Juzi usiku nikatupia Last Nite, ile ya 2001 ya The Strokes, bendi ya rock ya New York, nikaandika tu "hii ngoma bado inagonga". Wimbo una dakika tatu na ushee. Simu sijaiweka hata chini jamaa kajibu, "American Girl ya Tom Petty hiyo, kopi na kupesti", akimaanisha ule wimbo wa mkongwe wa rock wa Marekani. Yaani kiitikio hata hajakifikia! Kasikia gitaa linacharazwa pale mwanzo, dramu zikadakia, basi kwake wimbo umeshaisha, kapata cha kusema, anasubiri makofi. Wa pili akaja na emoji za kucheka, wa tatu akatupia linki ya Tom Petty kana kwamba kagundua dawa ya malaria, wa nne "hao watoto wa matajiri wanaigiza ushua wa kinyumenyume, wanajifanya choka mbaya", wa tano ndo yule wa siku zote, "ningezaliwa miaka ya 70 mimi". Watu wote hao na hakuna aliyesema neno moja kuhusu wimbo wenyewe, wimbo!!

Sasa tuongee vizuri. Kufanana kupo, nani kakataa? American Girl walirekodi tarehe 4 Julai 1976, ikatoka kwenye albamu ya kwanza ya Tom Petty and the Heartbreakers, na ule mwanzo wa gitaa na mdundo unaosukuma mbele ndo ule ule ukiusikia Last Nite. The Strokes wenyewe waliwahi kukiri kwenye mahojiano kwamba waliuchukua, hawakujificha. Tom Petty alipoulizwa na jarida la Rolling Stone mwaka 2006 akasema ile kukiri kwao ilimchekesha sana na wala hakukereka. Na mwaka huo huo The Strokes wakawa wanamfungulia baadhi ya shoo zake. Sasa mwenye mali kacheka na kawapa jukwaa, wewe uliyeko Tabata umenuna kwa niaba yake kwa sababu gani? Nani kakupa uwakili?

Halafu mkianza hii kesi mfike nayo mwisho basi. Maana American Girl yenyewe ilipotoka, Roger McGuinn wa bendi ya The Byrds aliisikia akatania kwa kuuliza huu wimbo niliurekodi lini, jinsi ulivyokuwa unafanana na mambo yake, kisha 1977 akaurekodi na yeye. Na huyo McGuinn lile gitaa lake la nyuzi 12 lililompa jina alilipenda baada ya kumuona George Harrison wa Beatles analo kwenye filamu yao ya 1964. Rudi nyuma tena, mwanzo wa Johnny B. Goode ya Chuck Berry, ule ambao kila mwenye gitaa duniani anaufahamu, uko karibu nota kwa nota kwenye wimbo wa Louis Jordan wa 1946, aliyepiga gitaa ni Carl Hogan, na nina uhakika nusu ya wajuaji wa grupu letu jina la Carl Hogan ndo wanalisoma leo. Haya, polisi wa kopi, mnaanza kumkamata nani?

Na hapa ndo patamu sasa. Mmoja wa wapiga gitaa wa The Strokes ni Albert Hammond Jr. Baba yake, Albert Hammond mzee, ndiye aliyetunga The Air That I Breathe pamoja na Mike Hazlewood, ule uliovuma na The Hollies mwaka 1974. Creep ya Radiohead mnaijua, mnayoilia kila mkiachwa? Ilifanana na huo wimbo kiasi kwamba Hammond na Hazlewood wakaandikwa kuwa watunzi wenza wa Creep. Kwa hiyo ndani ya bendi mnayoiita ya wezi kuna mtoto wa mzee ambaye anakula jasho lake kwenye wimbo wa watu wengine, kihalali kabisa, na sijawahi kuona mtu kwenye grupu anaandika "Creep kopi" pale nikiiweka. Hapo wote mnafumba macho mnaimba. Na mwaka 2020 The Strokes walipotoa Bad Decisions, ambayo kiitikio chake kinakwenda kwenye Dancing with Myself ya Billy Idol, waliwaandika Billy Idol na Tony James kuwa watunzi. Albamu hiyo, The New Abnormal, ikabeba Grammy ya albamu bora ya rock 2021. Hawa watu wanaujua mpaka wa kuazima na kuiba kuliko nyie.

Kinachoniuma zaidi lakini ni hili la sauti. "Mbona anaimba kama yupo kwenye simu", "miksi mbovu", "hawakuwa na hela ya studio". Jamani! Mmetoka kusema watoto wa matajiri sasa hivi hawana hela ya studio, chagueni moja. Albamu ya Is This It, ile yenye Last Nite, walirekodi na prodyuza Gordon Raphael kwenye studio yake ya basementi pale East Village, New York, na mwimbaji wao Julian Casablancas sauti yake waliipitisha kwenye kaampu (kispika cha kukuzia sauti ya gitaa) kadogo ka Peavey, hako ka kufanyia mazoezi chumbani, makusudi, ikwaruze. Mnakumbuka redio za rock za Marekani mwaka 2001 zilikuwa zinapiga nini? Linkin Park, Limp Bizkit, Creed, magitaa yamerundikwa ukuta mzima na kila kitu kimepigwa msasa mpaka kinang'aa. Siwapondi, Linkin Park na mimi nimewalia. Ila katikati ya hayo makelele wanatokea vijana watano wamevaa vijaketi vilivyobana, wanapiga kikavu, kila chombo unakisikia peke yake na hakuna kilichomkalia mwenzake.

Weka hedifoni, sio spika ya simu, weka hedifoni. Gitaa moja linacharaza bila kupumzika, lingine linachomekea vinota vifupi, besi ya Nikolai Fraiture inatembea na mambo yake, Fab Moretti kwenye dramu hana mbwembwe yoyote. Julian anaimba kama mtu aliyeamshwa, kavivu, halafu ghafla kwenye kupandisha anapasua koo na ile ampu inashindwa kumbeba, sauti inachanika. Inakuja solo ya Albert, fupi, chafu kidogo, ya kuvuta nyuzi kiblues, hujakaa sawa imeisha. Sasa rudi kwa Tom Petty. Mwendo wake una haraka zaidi, sauti ipo wazi, kuna waitikiaji nyuma, na yule binti kwenye wimbo anatamani kuna maisha makubwa sehemu fulani huko mbele. Huyu wa Last Nite hatamani kitu, kachoka, anatoka zake mlangoni. Mlango wa kuingilia ni mmoja ila vyumba ni viwili tofauti kabisa, na nyie mmesimama getini mnabishana rangi ya komeo.

Hili la watoto wa matajiri nalijibu harakaharaka maana halinipi shida. Ni kweli. Baba yake Julian ni John Casablancas aliyeanzisha Elite, ile kampuni ya wanamitindo, na Julian na Albert walikutana shule ya bweni Uswisi ya Le Rosey ambayo ada yake wala tusiulizane. Mwenye shida hapati nafasi ya kukaa anafanya mazoezi ya bendi usiku kucha, hilo nawapa. Ila hela ya baba inapigaje solo? Mitoto mingapi ya matajiri ina magitaa ya mamilioni humu mjini na haijui hata kuyatuni?

Na ile video ya Last Nite mnayosema "wanaigiza sabini", aliongoza Roman Coppola, jukwaa ni kama la kipindi cha tivii cha zamani, ndio, walitaka hivyo, lakini wakakataa kuigizia mdomo, wakapiga laivu palepale, ndo maana unaona maiki zinaangushwa na mambo yanakwenda kombo na hakuna aliyekata. Bendi ngapi zilithubutu hiyo enzi za MTV?

Sasa niwarudie wale wa unafiki wa nyumbani. Jamaa aliyeandika "kopi" ni mpenzi mkubwa wa zilipendwa, jumapili ananitumia dansi asubuhi mpaka bando linalia. Mkuu, ile dansi unayoisikiliza umeijua ilikotoka? Kampuni ya His Master's Voice ilikuwa inaleta Afrika santuri za Kyuba, zile zenye namba za kuanzia na herufi GV, tangu miaka ya 30, na huku kwetu na kule Kongo watu wakazisikiliza wakazipiga wakazigeuza zikawa zao. Salum Abdallah wa Morogoro bendi yake iliitwa Cuban Marimba. CUBAN! Kaliandika mbele, mchana kweupe, na yeye ni mtu wa hapo hapo Morogoro, na hakuna mtu mwenye akili timamu anayesema marehemu alikuwa kopi. Tunamuita gwiji, na ni gwiji kweli. Bongo fleva ikinyonya kipande cha taarab ya zamani mnasema "kawapa heshima wazee". Mmarekani akichukua kipande cha Mmarekani mwenzie tena akakiri, mwizi. Mizani gani hiyo?

Wa "ningezaliwa miaka ya 70" nawe nikusemeshe. Ukizaliwa 70 wakati Last Nite inatoka una miaka 31 na familia, usingeisikiliza, ungesema vijana wa siku hizi wanapiga kelele. Tena piga hesabu, kutoka American Girl mpaka Last Nite ni miaka 25. Last Nite yenyewe sasa hivi nayo ina umri kama huo, na kuna madogo wanaigundua leo wanadhani ni ya zamani zile zile za Tom Petty, kwao yote ni kapu moja. Hao sina ugomvi nao kabisa, angalau wanaisikiliza mpaka mwisho.

NYONGEZA: nimesoma majibu, mmekuja na moto kweli. Aliyeuliza "kwa hiyo wizi ni ruksa?" hapana kaka, soma tena. Tom Petty huyo huyo hakuwa mtu wa kuchezewa. Stay With Me ya Sam Smith ilipotoka 2014 ikaonekana kiitikio kinafanana na I Won't Back Down yake ya 1989, upande wake ukafuatilia, wakaelewana bila kufika mahakamani, Petty na Jeff Lynne wakaandikwa watunzi na asilimia zao wakapewa. Kwa hiyo pa kudai alidai. Kwa Last Nite alicheka. Sasa kati yake na wewe nani anaujua wimbo wake?

Aliyesema mimi ni shabiki maandazi wa The Strokes, mbona albamu yao ya First Impressions of Earth naiona ndefu kupita maelezo na kuna nyimbo pale ningezikata bila huruma, ila hiyo tufungue uzi mwingine.

Na dada aliyeuliza aanzie wapi, asante, wewe ndo umeuliza cha maana tangu asubuhi. Anza na Is This It yote, ni dakika 36 tu, unaimaliza kwenye foleni ya Mwenge. Ila angalia toleo, CD ya Marekani ilicheleweshwa mpaka Oktoba 2001 na wakatoa New York City Cops baada ya yale ya Septemba 11 kwa sababu inawakejeli polisi wa New York, wakaweka When It Started. Toleo la Uingereza inayo. Mtandaoni wewe tafuta hiyo yenye Cops.