Unamkamata mtu usiku, maandamano yakipita unamwachia. Kosa lake nini?

Wadau nimechoka na hili jambo hapa Zanzibar, leo nalisema lote. Ikisikika tu kuna watu wanataka kuandamana basi usiku wake difenda za polisi zinapita mitaani kuokota vijana, hakuna karatasi ya mahakama, hakuna kuambiwa kosa, ni "panda gari utajua mbele". Siku ikipita, au maandamano yenyewe yasipokuwepo kabisa, mtu anaachiwa anaambiwa awe anakuja kuripoti. Mahakamani hapelekwi mana hakuna cha kumpelekea. Sasa huo uchunguzi uko wapi hapo? Mtu kafungiwa ili saa zipite, basi.

Mtoto wa dada yangu kule Pemba yamemfika. Kijana wa bodaboda, hana chama, hana cheo, alichofanya ni kuforwadi meseji kwenye grupu la mtaani. Polisi wamekuja usiku wakiwa na sheha, yaani kiongozi wa serikali wa mtaa, sheha ndo kaonesha mlango, na huyo sheha tunasali nae msikiti mmoja! Mama yake kazunguka na chai na boflo kituo hadi kituo kila anapokwenda anaambiwa hayupo hapa, na kumbe yupo hicho hicho kituo cha mwanzo alichoulizia. Alipotoka simu ikabaki kwa polisi wanasema kielelezo. Kielelezo cha kesi gani wakati kesi hakuna? Wateja wake wote wako kwenye ile simu, mtu kakosa riziki na bado kila wiki anatakiwa akaripoti na nauli atoe yeye.

Na wala si jambo jipya. 2020 baada ya uchaguzi Maalim Seif, mgombea urais wa Zanzibar wa ACT-Wazalendo, kaita watu waandamane kwa amani, tarehe 29 Oktoba wakamkamata. Kule bara siku chache baadae wakamkamata Mbowe na Lema wa Chadema, maandamano yalipangwa Novemba 2. Haya, Desemba 8 mwaka huo huo Maalim kaapishwa Makamu wa Kwanza wa Rais! Mtu aliyekuwa hatari kwa amani Oktoba, Desemba anapigiwa saluti na polisi wale wale, nani kasimama akasema tulikosea? Agosti 2024 vijana wa Chadema walitaka kukutana Mbeya siku ya vijana, zaidi ya watu 500 wakakamatwa, Lissu na Mbowe wamo, halafu wakatolewa kwa dhamana.

Msinielewe vibaya, polisi wana kazi ya kulinda, hilo sikatai. Mwenye duka Darajani ana haki ya kufungua duka lake. Kama wana taarifa ya kweli kwamba fulani kaweka petroli na mapanga ndani, wamkamate hata saa nane za usiku na asubuhi wampeleke kwa hakimu waseme wanachokijua, nitakuwa wa kwanza kuwashukuru. Lakini Katiba yetu ya Zanzibar ya 1984 kifungu cha 20 inampa mtu haki ya kukutana na wenzake, na sheria ya polisi inataka mwenye maandamano atoe taarifa masaa 48 kabla ili polisi wajipange. Wajipange kusimamia, njia ipi ifungwe, gari zipite wapi. Wao wanajipanga kuokota watu.

Halafu wanaosema kukamata watu mapema ndo kunaleta amani, sisi Pemba tusiambiwe. 2001 Profesa Lipumba, mwenyekiti wa CUF, alikamatwa Januari 25, maandamano ya chama chake yalikuwa tarehe 27. Ikaja amani? Tume ya Mbita, tume ya uchunguzi ya serikali yenyewe, iliandika watu 31 wamekufa, na watu wetu wakavuka bahari mpaka Shimoni Kenya wakawa wakimbizi. Ukiwatoa viongozi unabaki na umati usio na mtu wa kuuambia kaeni, rudini, nani atawasikiliza hapo?

Najua atatokea mtu atasema hata Uingereza wanafanya. Ndio, 2011 siku ya harusi ya William, mjukuu wa malkia, London walikamata watu wakawaachia harusi ilipokwisha, na 2017 Mahakama ya Juu yao ikasema ilikuwa halali. Mie sikubaliani na hukumu ile. Lakini angalia, wale walikaa ndani masaa machache, na walikuwa na mahakama ya kuwauliza polisi mpaka juu kabisa. Sisi unaanzia wapi? Polisi ni jambo la Muungano, waziri wake yuko Dodoma, mwakilishi wangu pale Baraza la Wawakilishi Chukwani hana wa kumuuliza na mbunge wangu sijawahi kumsikia akifungua mdomo kwa hili.

Kwa hiyo nnaomba wanasheria wa humu mnijibu bila kuzunguka. Kijana anayeripoti kila wiki bila namba ya kesi akiacha kwenda, wanaweza kumfanya nini kisheria? Simu anaidai kwa barua au mpaka afungue shauri? Na sheha anayeleta watu usiku anashtakiwa wapi? Na wengine mliofikwa na haya, Unguja na Pemba, andikeni hapa tarehe na mlikaa ndani muda gani, majina msiweke, tunataka tupate orodha tumpelekee wakili mara moja.