Mimi ni Waziri wa Afya wa serikali ya wanafunzi, nimeaminiwa siri nzito na ofisi inataka majina. Nifanyeje?

Binti wa Chuno

Habari za jioni wanajamvi. Naomba ushauri, hasa kwa waliowahi kuongoza serikali za wanafunzi na walioko sekta ya afya.

Nasoma mwaka wa pili katika chuo kimoja hapa Mtwara mjini. Wenzangu wa hosteli ya wasichana walinichagua kuwa mbunge wao, kisha Rais wetu akaniteua Waziri wa Afya na Ustawi. Kura niliziomba kwa mambo ya kawaida: maji, usafi wa vyoo, kadi za bima zinazochelewa. Hayo nayamudu. Nisichokitarajia ni hodi za usiku. Huyu ana sapu (mtihani wa marudio) na anaogopa kudisko, yaani kuondolewa chuoni, yule bumu (fedha ya kujikimu ya mkopo) limekata anapiga pasi ndefu, mlo mmoja kwa siku, mwingine hana mkopo kabisa na hajui atasema nini nyumbani akirudishwa. Wengi ni watoto wa wakulima wa Newala, Tandahimba na Masasi. Ada yao iko kwenye korosho, na korosho zina msimu wake. Minada inaanza Oktoba, malipo yanakuja baadaye, na tarehe ya mwisho ya ada haijui mnada ni nini.

Sasa kuna mmoja. Hapati usingizi, chakula hakimpiti, darasani haendi. Ameniambia anaona afadhali asingekuwepo duniani. Akaniapisha nisimwambie mtu, nyumbani ndiyo kabisa, kwa sababu watasema ana mashetani wampeleke kwa mganga.

Wakati huohuo ofisi inayosimamia wanafunzi imenitaka niwasilishe orodha ya majina ya "wenye matatizo ya akili" ili wasaidiwe. Sidhani wana nia mbaya. Ila nikitoa majina, hakuna atakayenigongea mlango tena. Nisipotoa na likatokea la kutokea, nitawajibu nini wazazi wake?

Naombeni msaada. Natanguliza shukrani.

Nesi Kusini

Mdogo wangu, orodha iache kwanza. Anza na huyo mmoja, na uanze leo.

Mimi ni muuguzi wa afya ya akili, hospitali ya serikali huku Lindi. Kaa naye mahali patulivu umuulize bila kuzunguka: "Unafikiria kujiua?" Watu wanaogopa swali hili wakidhani litamtia wazo kichwani. Halimtii. Wengi wanapoulizwa wanashusha pumzi, maana hatimaye kuna mtu amethubutu. Akisema ndiyo, asilale peke yake usiku huo. Chochote cha hatari, dawa zikiwemo, kitoke chumbani. Mpelekeni Hospitali ya Rufaa ya Mkoa pale Ligula, hata kama ni saa nane usiku, mkaeleze kwa muuguzi wa zamu kilichotokea bila kupunguza maneno. Kama mko upande wa Mitengo, Hospitali ya Kanda iko pale. Mkikwama, piga 199, ni namba ya bure ya Wizara ya Afya.

Kuhusu kiapo. Mwambie hivi: "Mengine yote uliyoniambia nitayatunza, lakini hili la uhai wako siwezi kulibeba peke yangu, tutamwambia mtu mmoja anayeweza kusaidia, na wewe utachagua ni nani." Mwache achague kweli. Anaweza kuwa mlezi wa hosteli, mhadhiri anayemwamini, au dada yake. Asipochagua, utachagua wewe, na umwambie umemwambia nani. Atakasirika. Hasira zake zitapoa akiwa hai.

Na usijaribu kumpa jina la ugonjwa. Sonona, yaani ugonjwa wa huzuni kali, ina vipimo vyake na watu wake wa kuipima. Wewe umeona hapati usingizi, hali chakula, na umesikia alichosema. Hayo ndiyo ya kumweleza daktari.

Rais Mstaafu

Nesi kamaliza la haraka. Nizungumzie orodha, kwa sababu hata sisi tulipoongoza tuliombwa kitu kama hicho.

Usitoe majina. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inahesabu habari za afya kuwa taarifa nyeti, hazikusanywi wala kugawiwa bila ridhaa ya mwenyewe isipokuwa kwa sababu zilizotajwa kisheria. Orodha ya "wenye matatizo ya akili" kwenye kompyuta ya ofisi, inayopita mikononi mwa makarani na wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo, ni hatari hata kama aliyeiomba ana moyo safi. Na wewe mwenyewe, kama una daftari au ujumbe wa WhatsApp wenye majina hayo, funga vizuri.

Lakini usiende ofisini kusema hapana ukarudi. Nenda na ripoti isiyo na jina: mwezi huu waliokuja kwa ajili ya ada ni wangapi, kwa ajili ya chakula wangapi, kwa matokeo wangapi, unyanyasaji wangapi. Idadi ikiwa ndogo kiasi kwamba mtu anaweza kutambulika, iunganishe na kundi jingine. Hapo ofisi inapata kitu cha kufanyia kazi. Kama wengi wanalia kwa sababu ya ada, dawa yake haipo kwa mnasihi (mshauri wa wanafunzi), ipo kwenye kikao kinachopanga tarehe za malipo, na huko wanafunzi wana viti. Wewe una kura zilizokupeleka kwenye viti hivyo. Mnasihi hana.

Mzee wa Mikindani

Binti, nasema kwa nia njema. Serikali ya wanafunzi ni ya kudai haki za wanafunzi. Mambo ya magonjwa waachie hospitali. Nimeona vijana wakibeba mizigo ya wenzao hadi wao wenyewe wakashindwa masomo. Nani atamtazama huyo waziri?

Rais Mstaafu

Mzee, la mwisho nakuunga mkono kabisa. La kwanza naliongezea: mwanafunzi wa mwaka wa kwanza kutoka Nanyumbu hajui hospitali inapoanzia wala kadi ya bima anaitoa wapi. Anayemjua ni huyu aliyemwomba kura kwenye foleni ya maji. Atamgongea yeye, tupende tusipende. Bora awe anajua pa kumpeleka.

Mama Korosho

Mwanangu, mimi ni mzazi, nipo Tandahimba, nina kijana chuoni. Nimesoma haya machozi yakanilenga, maana wangu naye akinipigia ananiambia "niko poa mama" kila siku.

Niseme mawili. Sisi tukipeleka korosho kwenye chama cha msingi cha ushirika tunapewa karatasi ya kuonyesha kilo tulizopeleka. Fedha inakuja mnada ukishapita na mnunuzi akilipa. Mzazi mwenye karatasi ile si mzazi mwenye visingizio, ana mali iko ghalani. Waombeni wakubwa wa chuo waikubali nakala yake kama ushahidi, mtoto afanye mtihani, deni lilipwe kwa tarehe watakayoandikiana. Mkihitaji wazazi wa kuja kusema hilo kwenye kikao, mimi nitapanda gari nije.

La pili ni la huyo binti. Usimwanzie baba. Huku kwetu Umakondeni mjomba ana sauti. Ulizeni kama ana mjomba mwelewa au mama mdogo. Akikubali, mjomba aende Ligula akasikie kwa daktari kwa masikio yake. Akirudi nyumbani akisema mtoto anaumwa na ana dawa, hata wale wa mganga watanyamaza kidogo.

Binti wa Chuno

Shikamoo mama. Nawashukuru sana wote.

Nimemuuliza kama Nesi alivyoelekeza. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema ndiyo. Alimchagua mlezi wa hosteli, tukaenda naye Ligula usiku uleule. Ameonana na daktari, ana tarehe ya kurudi kliniki. Kwa sasa analala chumba kimoja na rafiki yake. Mjomba yupo Newala, amekubali apigiwe na mlezi.

Ofisini nimepeleka ripoti ya makundi bila majina. Wameipokea ila hawajafurahi, wamesema wataijadili. Suala la karatasi za korosho nimeliandikia barua, Rais wetu ataliwasilisha kikaoni.

Swali langu la mwisho ni lile la Mzee wa Mikindani. Hodi haziishi na mimi nina majaribio mwezi huu. Nikizima simu usiku najisikia vibaya.

Nesi Kusini

Umefanya vizuri sana. Na mkimpeleka tena kliniki, aende na kadi ya bima na yule rafiki anayelala naye, kwa sababu siku za mwanzo mgonjwa husahau nusu ya aliyoambiwa.

Kuhusu wewe: bandika mlangoni saa zako, kwa mfano saa kumi na moja jioni hadi saa mbili usiku, na chini yake uandike namba ya mlezi wa hosteli, ya zahanati ya chuo na 199 kwa dharura za usiku. Waombe viongozi wa madarasa wawili watatu, mvulana awemo, wagawane zamu na wewe. Mwalikeni muuguzi wa afya ya akili kutoka hospitalini awape mafunzo ya siku moja, barua iende kwa mganga mfawidhi (daktari mkuu wa hospitali) ikiwa na muhuri wa chuo. Na wewe utafute mtu wako wa kumweleza, bila kutaja majina ya wenzako. Nimekutumia ujumbe faragha, tuongee Jumamosi.

Mama Korosho

Marahaba mwanangu. Tarehe ya kikao ikijulikana niandikie hapa, nitakuja na karatasi zangu za msimu huu.