Springi zilizopondeka kwenye silinda ya mazoezi: kunyoosha, kuchomoa kwenye vitasa vibovu, au kununua seti?

Fundi_Gerezani
Habari za kazi wadau. Nina vijana wawili ninaowafundisha ufundi vitasa. Silinda yao ya mazoezi ni zile ndefu za milango ya kisasa, pini tano kila upande, yaani vile vipande vidogo vinavyosukumwa na springi, kila kimoja na yake. Upande mmoja springi mbili zimekwisha: moja imepinda katikati, nyingine imepondwa kabisa. Ukisukuma pini ya nne kwa ncha ya waya inazama na hairudi. Naona njia tatu: kuzinyoosha, kuchomoa nyingine kwenye ndoo yangu ya vitasa vibovu, au kuagiza seti mpya. Silinda nzima mpya sitaki, maana funguo za hii wamezichonga wenyewe. Ingekuwa ya mteja nisingeuliza, lakini hii ni ya kujifunzia. Mnasemaje?

MzeeWaFunguo
Kunyoosha sahau, mkuu. Waya wa springi hizi ni mwembamba mno, ukishapata kona, kona hiyo haitoki. Utaivuta kwa kibano na kwa macho utaona imenyooka, lakini ikibanwa inaegemea upande mmoja na kukwaruza ukuta wa tundu. Mlangoni ufunguo unaweza kuzunguka bila shida. Kwa mwanafunzi ndiyo hasara kubwa, kwa sababu anachojifunza ni kusikia kwa vidole. Pini tatu zinarudi laini, mbili zinasita. Yeye atadhani pini imeshakaa mahali pake kumbe ni springi inasugua. Atazoea dalili ya uongo, na kumtoa kwenye mazoea hayo ni kazi kuliko kumfundisha upya.

Binti_Likoni
Nakubaliana na mzee kwa iliyopinda na iliyopondwa. Ila wadau wasitupe kila springi. Kuna iliyovutika tu, imerefuka lakini mizunguko yake imelingana. Hiyo idadi ya mizunguko haijabadilika, kwa hiyo ikibanwa hadi mwisho urefu wake ni uleule na ufunguo utaingia. Tatizo lake ni kusukuma pini kwa nguvu zaidi ya wenzake. Ibane mara kadhaa, ikirudi karibu na urefu wa zile nzima, itumie.

Kuhusu ndoo ya vitasa vibovu, huku pwani mimi naiogopa. Chumvi ya bahari haina huruma. Springi ya chuma unaikuta imeota kutu ndani, na ya aloi ya shaba imefanya ukijani. Ukitaka kujua ni ipi, pitisha sumaku: ya shaba haishikwi. Zisimamishe zote juu ya kipande cha kioo, tazama vimo vyake kwa usawa wa jicho. Iliyo fupi weka kando.

Mwanagenzi_Moro
Shikamooni wakubwa. Na springi ya kalamu ya wino je? Au ile iliyo chini ya jiwe la kiberiti cha gesi?

MzeeWaFunguo
Marahaba kijana. Ya kalamu haiingii. Tundu la pini kwenye silinda nyingi lina upana wa karibu milimita 3, springi ya kalamu ni nene kuliko hapo. Ya kiberiti inaingia, na mafundi huitumia wakibanwa, lakini ni ndefu na lazima uikate. Hapo kuna mitego miwili. Ukiacha mizunguko mingi, ikibanwa inajaza tundu lote na pini inakosa pa kwenda, ufunguo unagoma. Ukikata mingi, kipande kinachobaki kinakuwa kigumu, kwa sababu springi ya waya uleule ikipungua mizunguko inakaza. Tena ncha uliyoikata ni kali: ielekeze mwisho wa tundu, ile ya kiwandani ndiyo ikalie pini. Kwa mlango uliokwama usiku, sawa. Kwa kufundishia, hapana.

Kitasa254
Mbona hakuna anayeuliza zilipondwaje? Fundi_Gerezani, nadhani vijana wako wanafungua kwa waya kisha wanazungusha kiini, kile kipande cha ndani kinachopokea ufunguo, nusu duara. Kama njia ya ufunguo imekatwa hadi ukingo wa kiini, ikifika pale inakuwa mkabala na matundu ya springi. Ufunguo haumo ndani wa kuzuia, kwa hiyo pini zinaruka na kuingia kwenye njia, springi zinafuata, na kijana akilazimisha kuzungusha, kiini kinazikata. Waambie waishie robo mzunguko na kurudi. Lazima wapite? Watangulize kipande chembamba cha bati upande ule wa njia uliokatwa.

Fundi_Gerezani
Kitasa254 umenipata, ndivyo wanavyofanya. Nitalisimamia hilo leo hii. Nimeshaamua kuagiza seti. Sasa nibadilishe mbili tu au zote tano?

Binti_Likoni
Zote tano za upande huo. Mpya mbili kati ya kuukuu tatu utarudi palepale, nguvu hazilingani. Zile tatu nzima zihifadhi kwenye kichupa, ni akiba yako.

Wakati wa kubadilisha usikitoe kiini mkono mtupu. Tafuta kijiti cha mviringo chenye unene uleule wa kiini, ukisukume kifuate nyuma yake bila kuacha nafasi, la sivyo springi zitatawanyika karakana nzima. Tandika kitambaa cheupe mezani. Matundu yaelekee juu, angusha springi, kisha pini yake ya upande wa springi kwa kibano, ibonyeze, sogeza kijiti hadi kiifunike, nenda tundu linalofuata.

Mwanagenzi_Moro
Baada ya hapo ninyunyize mafuta?

MzeeWaFunguo
Usinyunyize. Mafuta yanakusanya vumbi na vumbi la shaba la ufunguo, ndani ya muda mfupi pini zinanata. Chukua penseli laini, paka risasi yake kwenye meno ya ufunguo pande zote, uingize na kuutoa mara kadhaa. Huo unga unatosha.